Vipande vya Mkasi wa Fundi

Karatasi nyeupe ilikuwa mezani tangu Jumatatu, na hadi Jumatano saa nne asubuhi ilikuwa nyeupe vilevile, haina hata doa la chai. Bibi Soksi aliizungusha. Aliilaza ubavu. Alikwenda jikoni kusugua sufuria ambayo alikuwa ameshaisugua, akarudi, akaikuta palepale inamkodolea macho.

"Na wewe nawe!" akaiambia.

"Unasemaje?" mumewe akauliza kutoka kibarazani.

"Sisemi na wewe, Fundi. Nagombana na karatasi."

"Nani anashinda?"

"Yeye."

Mumewe akacheka, akaendelea na vifungo vyake. Alikuwa na kopo zima la vifungo vya nguo, na kila asubuhi alikaa kwenye benchi la kibarazani akivipanga kwa kuvipapasa: vya shati huku, vya koti kule, vyenye matundu mawili mbali na vyenye matundu manne. Akimaliza, anavichanganya tena ili kesho apate kazi. Mtu aliyeshona miaka arobaini hawezi kukaa bure hivi hivi, hata macho yakimwacha.

Na jina hilo la Soksi, msidhani ni la wazazi. Alipewa na watoto. Kitabu chake cha kwanza kilianza na maneno haya: "Soksi moja ikipotea, usiinunie iliyobaki. Yenyewe ndiyo iliyorudi nyumbani." Basi watoto wakaliacha hapohapo jina lake la kitabuni, wakamwita Bibi Soksi angali kijana asiye na hata unywele mmoja mweupe, akaitika, yakaisha. Tangu hapo, miaka thelathini na sita, alikuwa anawaandikia watoto maneno mafupi juu ya mambo ya kila siku. Kwamba usigombane na mlango uliokubana kidole, kwa maana mlango hausikii na kidole kinataka kupulizwa. Kwamba kijiko kilichoangukia nyuma ya kabati hakijafa, kimekwenda kupumzika. Watu wazima nao waliyabeba. Hata daktari wa macho, siku alipowaambia kwamba presha ya macho ya Fundi haina dawa ya kurudisha kilichokwisha kupotea, alirudia yale ya mlango na kidole, akampuliza Fundi mkononi kama mtoto. Walicheka wote watatu. Kisha Bibi Soksi alilia njia nzima.

Sasa kitabu hiki kilikuwa cha mwisho. Alishajiapiza. Maneno thelathini, basi, anatundika kalamu. Ishirini na tisa yalikuwa tayari kwa mhariri, na mchoraji alishayachorea. Lililobaki lilikuwa moja tu, la kufunga kitabu, na lilikuwa la asante. Alitaka liwe la Fundi. Hakutaka kumtaja, Fundi angeona haya mpaka aingie koponi na vifungo vyake. Alitaka tu aandike neno la shukrani ambalo mzee yule akilisikia atajua, bila kuambiwa, kwamba ni lake. Na alitaka aliweke mikononi mwake wakati macho yale bado yanaambulia kitu. Jicho la kushoto lilishazima. La kulia lilikuwa linaona mwanga, na vitu vikubwa vyeusi kwenye kitu cheupe, ukivisogeza karibu kabisa.

Simu ikalia. Alijua ni nani kabla hajaishika.

"Shikamoo, bibi yangu," alisema mhariri.

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujaniuliza, jibu ni bado."

"Bibi, Ijumaa saa sita mchana kiwanda kinawasha mashine. Tukikosa zamu hii, zamu yetu nyingine ni baada ya miezi sita."

Miezi sita! Bibi Soksi akatazama kibarazani, akamwona mumewe ameinua kifungo kimoja hadi kwenye nyusi, anakitafutia mwanga.

"Nimefikiria," mhariri aliendelea kwa sauti ya mtu anayepita juu ya mayai. "Kama itashindikana, tunaweza kuweka kitu chepesi tu. Kwa mfano, 'Kumbuka kusema asante kila siku.'"

"Ebo! Hilo si neno, mwanangu, hilo ni tangazo la zahanati. Utaweka na picha ya mtu ananawa mikono?"

"Basi nipe lako, bibi."

"Nitakupa."

Alikata simu, akarudi mezani kwa hasira, na hasira nazo hazikumsaidia kitu. Karatasi zile zilikuwa nzuri, za kung'aa, mhariri mwenyewe alizileta kwa heshima zote zikiwa ndani ya boksi lake. Bibi Soksi akaandika "Asante ni", akafuta. Akaandika "Mtu akikupa", akafuta. Akatafuta kipande cha karatasi cha kufutia wino uliomchafua vidole, na vipande hukaa nyuma ya mlango, kwenye kiroba chake. Akatia mkono. Mkono ukaenda, ukaenda, ukagusa chini.

Kiroba kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo alipokaa kitako. Maana kiroba kile, tangu waoane, hakijawahi kuwa kitupu. Ilikuwa hivi. Fundi wa nguo kabla hajakata kitambaa cha mtu hukata kwanza karatasi ya kaki kwa vipimo vya mtu huyo: mgongo, kifua, mikono, kola. Kinachobaki ni vipande vya kila umbo, nusu mwezi za shingoni, pembe za kati ya mkono na mgongo, na ule mbinuko unaotolewa pale mkono unaposhikana na nguo, ambao mafundi wanauita kwapa. Kila jioni Fundi alirudi nyumbani na mfuko wa vipande hivyo, akaumwaga kwenye kiroba na kusema, "Haya Mwalimu, takataka zako." Alimwita Mwalimu kwa sababu alimkuta akifundisha watoto wa chekechea. Na Bibi Soksi aliandika humo. Hakuna neno lake hata moja lililozaliwa kwenye karatasi nzima. La soksi lilitoka kwapani. La mlango lilitoka shingoni. Wataalamu walipoandika magazetini kwamba uzuri wake ni kujua mahali pa kunyamaza, yeye alicheka peke yake, maana alinyamaza pale karatasi ilipoisha.

Lakini Fundi alifunga kazi mwaka mmoja uliopita, na kiroba kilikuwa kinapungua polepole bila mtu kukisemesha. Kipande cha mwisho alikitumia kwa neno la ishirini na tisa, asijue kwamba ni cha mwisho.

"Nimekuwa mtu mzima ovyo," alijiambia. "Kushindwa kuandika mpaka nipewe takataka!" Hata hivyo Alhamisi asubuhi alijifunga kanga yake, akaaga kwamba anakwenda dukani mara moja, akashika njia ya kwenye ile karakana ya zamani ya mumewe.

Karakana ilikuwa mtaa wa tatu, chumba kimoja chenye mlango mpana, na siku hizi mwenyewe alikuwa Nusu-Inchi. Huyu aliingia pale miaka ishirini iliyopita kujifunza kazi, msichana mwembamba anayepima kila kitu mara tatu, na Fundi ndiye aliyembandika jina hilo. Sasa alikuwa mama wa mabinti wawili, mwenye cherehani nne na wateja wa kupanga foleni, na bado anapima mara tatu. Alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia, pini mbili mdomoni, futi shingoni. Ukutani karatasi za vipimo vya wateja zilining'inia kwenye misumari, mgongo wa huyu, kifua cha yule.

"Mama!" Akatema pini. "Shikamoo. Karibu, karibu kiti. Baba hajambo?"

"Marahaba, hajambo, anahesabu vifungo. Mwanangu, nimekuja kuomba kitu cha ajabu. Nataka vipande vyako vya karatasi, vile unavyotupa."

Nusu-Inchi akaingia chini ya meza, akatoka na kimfuko kidogo. Bibi Soksi akakifungua. Mlikuwa na vijiti vya karatasi vyembamba kama tambi, na vichengachenga kama kucha. Hapakuwa na mahali pa kuandika hata "haya".

"Ndivyo hivi tu?"

"Vya wiki nzima hivyo, mama. Navipanga vikibanana, karatasi bei mbaya."

"Mbona vya Fundi vilikuwa hivi?" Bibi Soksi akafungua kiganja chote. "Vingine hata viganja viwili." Kisha akaanza kucheka. "Loo! Kumbe mwenzangu alikuwa anafuja karatasi miaka yote hiyo na kujiita fundi! Ngoja nirudi nyumbani. Leo nitamcheka mpaka azibe masikio."

Nusu-Inchi hakucheka. Akachukua pini moja, akaichomeka kwenye kimto cha pini, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Usimcheke, mama."

"Kwa nini nisimcheke?"

"Aliniambia nisikwambie. Lakini ukimcheka mbele yangu, au nyuma yangu, nitakuwa nimekula chumvi yake bure." Akavuta kigoda, akakaa. "Nilikuwa na mwezi wa pili hapa. Nikakata gauni zima kwenye karatasi moja. Nilivyobananisha, hata njiti ya kiberiti isingepita. Nikamwita, kifua mbele, nikijua leo nasifiwa. Akatazama weee. Akasema, 'Umekata vizuri kuliko mimi. Usirudie tena.'"

"Alisema hivyo?"

"Nikadhani mzee ananionea wivu. Akatandaza karatasi nyingine, akasema, 'Huu mkono usogeze huku. Mgongo sogeza kidogo kule. Hapo katikati mwachie mama nafasi.' Nikamuuliza, mama yupi? Akasema, 'Mama anayeandika.'"

Bibi Soksi aliacha mdomo wazi.

"Kwenye kitambaa cha mteja hakupoteza hata uzi, mama, wewe unamjua. Ni karatasi tu, na karatasi alinunua mwenyewe. Kila jioni, kabla ya kufunga, alikuwa anavichagua. Vyenye pembe mbaya anatupa. Vizuri anavilainisha kwa pasi."

"Kwa pasi?"

"Kwa pasi. Halafu anavitia kwenye mfuko, anasema, 'Haya, nimpelekee takataka zake.'"

Bibi Soksi alitazama chini, sakafuni, pale penye simenti iliyochimbika mbele ya meza. Akapakumbuka. Nusu-Inchi naye akapatazama.

"Alisema ilianza hapo," akasema. "Mwaka wenu wa kwanza. Ulikuwa umekaa hapo chini unaandika hadithi ya watoto wako wa shule kwenye kipande kama ulimi wa kiatu. Maneno yakafika ukingoni, ukazungusha, ukaandika pembeni, yakafika tena ukingoni, ukamalizia mgongoni mwa mkono wako. Ukaenda nayo darasani hivyohivyo, mkono juu. Alisema siku ile alijisikia vibaya, yeye ana meza kubwa hivi na mkewe anaandika kwenye ngozi."

"Si angenipa tu karatasi nzima!" Sauti ya Bibi Soksi ilipanda, si kwa ukali.

"Hata mimi nilimwambia. Akasema alikupa."

Ni kweli. Alimpa. Karatasi kubwa ya kaki, mpya kabisa, imekunjwa kwa mbili na kufungwa kwa utepe wa pindo. Bibi Soksi aliishukuru sana, akaiogopa wiki mbili, mwisho akaitandika kwenye droo ya vijiko. Ilikuwa bado iko kwenye droo ya vijiko. Na Fundi alikula na vijiko hivyo siku zote, asiulize neno, akaenda zake kazini kusogeza mikono na migongo.

Machozi yalimtoka Bibi Soksi bila kubisha hodi. Hakuyafuta. Alikuwa ana haya na ana furaha, na alikuwa anamkasirikia mumewe kwa mapenzi yasiyosemeka, vyote kwa pamoja, mtu wa umri wake. Nusu-Inchi alimpa kitambaa kutoka mezani, akakumbuka ni mfuko wa suruali ya mteja, akambadilishia haraka.

"Nipe karatasi moja ya kaki," Bibi Soksi akasema alipopata sauti. "Nzima."

Alirudi nyumbani na karatasi imeviringishwa kwapani, anatembea upesi kuliko magoti yake yalivyopenda. Fundi alikuwa palepale kwenye benchi, vifungo vya koti mkono wa kulia.

"Mwongo mkubwa we!" akamwambia kabla hajapanda ngazi.

Fundi aligeuza sikio. Akasikia karatasi ya kaki ikikwaruzana, na mlio ule anaujua kuliko jina lake. Akashusha mabega.

"Nusu-Inchi ana mdomo," alisema.

"Miaka thelathini na sita unanidanganya!"

"Sijakudanganya. Nilisema ni takataka. Nimekata vibaya, vikabaki. Kikibaki si ni takataka?"

"Ukavipiga na pasi!"

Hapo Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Akakuna kidevu. "Vilikuwa vinajikunja," alisema taratibu. "Kalamu ingekwama."

"Na kwa nini hukuniambia siku hata moja?"

"Ningekwambia, Mwalimu, ungeanza kunihurumia. Ungeniambia acha, Fundi, vinanitosha vidogo. Ungeandika tena mkononi." Akapapasa kopo lake. "Mimi sijui kuandika maneno ya watoto. Najua kusogeza. Basi nikawa nasogeza."

Bibi Soksi aliingia ndani, akatoka na ule mkasi mkubwa mweusi, uliolala kabatini mwaka mzima ndani ya flana. Akautia mkononi mwa mumewe. Akaitandaza karatasi juu ya meza ndogo ya kibarazani, akaisogeza hadi magotini pa mumewe, akakaa kando yake.

"Kata."

"Unanitania. Sioni hata ukingo."

"Sikuombi uone. Nikatie kwapa. Nina neno moja limekwama tangu Jumatatu, na kiroba kimeisha."

Fundi aliinama juu ya meza. Akaipima karatasi kwa shubiri, akatafuta kati kwa kidole gumba, na vidole vikaingia kwenye mkasi kama watu wanaorudi kwao. Mkasi ukauma. Mkono ulisita mwanzoni, kisha ukakumbuka, ukazunguka, ukazidi, ukarudi, ukatokea upande ambao hakuutaka. Kipande kikaanguka mapajani mwa Bibi Soksi. Kilikuwa kikubwa kama sinia, na kimepinda kama mtu aliyecheka akashindwa kujizuia.

"Likoje?" Fundi aliuliza kwa wasiwasi.

"Fundi, hili kwapa la nani? La tembo?"

"Wateja wanene nao wanavaa nguo," alijitetea, na wote wawili wakacheka mpaka vifungo vikamwagika.

Walivyokuwa wanaviokota, yeye kwa macho na mumewe kwa vidole, neno lile likaja. Halikubisha. Bibi Soksi akaacha vifungo, akachukua kalamu, akaandika kwa mara moja bila kufuta, akifuata ule upindo wa karatasi kama alivyozoea. Kisha akamsomea.

"Ukikuta nafasi yako iko wazi, ujue kuna mtu alisogea. Mgeukie."

Fundi aliacha kuokota. Alikuwa ameshika kifungo kimoja cha shati, anakizungusha. Kisha akaitikia kwa kichwa mara mbili, na Bibi Soksi akajua kwamba amejua.

Ijumaa saa tatu kipande kilikuwa kwa mhariri. Saa tatu na nusu simu ikalia.

"Bibi, nimelisoma nikafunga mlango wa ofisi nikalia. Lakini hii karatasi ni kitu gani?"

"Ni kwapa, mwanangu."

"Ni nini?"

Akamweleza yote, kuanzia sakafuni hadi kwenye pasi. Mhariri alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, mzee anaona nini kwa sasa. Bibi Soksi akamwambia. "Niachie mimi ukurasa huo," mhariri alisema.

Kitabu kilifika baada ya wiki tatu, asubuhi yenye jua kali. Bibi Soksi alikitoa kwenye bahasha kibarazani, akafungua mwisho, akasimama tuli. Mhariri hakuweka picha. Alikipiga chapa kipande chenyewe, kwa rangi nyeusi tititi, kimejaa ukurasa wote mweupe na kupinda kwake kote, na maneno yake yakiwa madogo meupe katikati.

Fundi alisogea kwenye benchi, mkewe akakaa, akamshikia kitabu karibu kabisa na jicho la kulia, upande wa jua. Mzee akakivuta, akakisukuma, akakivuta tena.

"Naona," akasema.

"Unaona maneno?"

"Maneno wapi. Naona kwapa." Kidole chake kilifuata ukingo mweusi, kikapanda, kikazidi, kikarudi, kikatokea upande ambao hakuutaka. "Lo, Mwalimu. Nimekata vibaya kweli."

"Vibaya sana," Bibi Soksi alisema. Maneno yote ya maisha yake yakamkimbia, likabaki lile moja la tangazo la zahanati, akalisema hilohilo. "Asante, Fundi. Asante."